Mzee Anayeinuka Mwenyewe: Nguvu za Misuli kwa Wazee Wenye Kisukari

Hotuba ya Mratibu wa Mradi wa Afya na Diakonia wa Dayosisi, iliyotolewa katika semina ya wajumbe wa kamati za sharika na marafiki wafadhili



Nimeombwa nizungumze juu ya kisukari kwa wazee wetu. Kwa kawaida mada hii huanza na sukari kwenye chai, ikaendelea na dawa, ikaishia kwenye vidonda vya miguu. Hayo yote ni ya kweli na tutaendelea kuyafundisha. Lakini leo naomba niingilie mlango mwingine, nao ni paja la mzee. Nitawaomba tuangalie nguvu za misuli, kwa sababu naamini hapo ndipo wengi wetu, nikiwemo mimi mwenyewe, tumewakosea wazee wetu tukidhani tunawatendea mema.

Nianze na nyumbani kwangu.

Mama yangu aligunduliwa kuwa na kisukari akiwa na miaka 66. Sisi watoto wake watano tulifanya kikao. Tukaamua kwamba asiende tena kukata majani ya ng'ombe, asichote maji, na apate msichana wa kumsaidia kazi. Tukamnunulia kiti kizuri chenye matakia, tukakiweka barazani. Kila tulipomkuta amesimama tulimwambia, "Mama, pumzika, kazi uliyofanya inatosha." Tulijiona watoto wema, na majirani walitusifu. Kliniki alikwenda kila mwezi, dawa alimeza, sukari ikawa inakwenda vizuri.

Miaka minne baadaye yule msichana alinipigia simu asubuhi. Mama alikuwa ameingia chooni alfajiri, akachuchumaa, akashindwa kuinuka. Alikaa humo zaidi ya saa moja kwa sababu aliona aibu kuita. Hakuwa amevunjika popote. Hakuwa na homa. Tulipompima, sukari haikuwa mbaya. Ni miguu tu iliyokataa.

Nilipokaa naye siku zile niligundua jambo lililoniumiza zaidi. Kwa miezi kadhaa alikuwa amepunguza kunywa maji na kula chakula cha jioni, ili asilazimike kwenda chooni usiku. Na kanisani alikuwa ameacha kuja akisema anaumwa kichwa. Sababu yenyewe ilikuwa kwamba hakuweza tena kuinuka kwenye benchi wakati usharika unasimama kusikiliza Injili, naye hakutaka kushikwa mkono mbele ya watu.

Ndugu wajumbe, mimi nina shahada ya maendeleo ya jamii. Nimeratibu miradi ya maji, ya yatima na ya lishe. Lakini sikujua kwamba mtu mwenye kisukari anaweza kupoteza nguvu za miguu huku kadi yake ya kliniki ikionyesha kuwa anaendelea vizuri. Nilipoanza kuuliza na kusoma, ndipo nilipojifunza haya ninayowaletea leo.

1. Misuli ni ghala la sukari

Wengi tunafikiri misuli ni ya kubebea mizigo tu. Misuli ina kazi nyingine. Mtu anapokula ugali, ndizi au wali, chakula kile hugeuka sukari na kuingia kwenye damu. Kongosho hutoa insulini, na insulini hufungua milango ya seli ili sukari iingie. Sehemu kubwa ya sukari hiyo huingia kwenye misuli. Misuli ndiyo ghala kubwa. Ghala likipungua, sukari hukosa pa kwenda na hubaki kwenye damu.

Kuna jambo jingine la kushukuru. Msuli unapofanya kazi, unaweza kuvuta sukari kutoka kwenye damu hata pale insulini inapokuwa dhaifu. Yaani mzee anapoinuka kwenye kiti mara kumi, mapaja yake yanafungua mlango wa pembeni wa ghala. Kwa hiyo tunapomkalisha mzee mwenye kisukari kutwa nzima kwenye kiti chenye matakia, tunamfungia mlango huo.

2. Uzee hupunguza misuli, kisukari huharakisha

Kila binadamu hupoteza misuli kadiri anavyozeeka. Kupungua huanza taratibu baada ya miaka 30 hivi, na huongezeka kasi baada ya miaka 60. Mwaka 1989 mtaalamu wa Marekani, Irwin Rosenberg, alipendekeza hali hii ipewe jina, akatumia maneno ya Kigiriki yenye maana ya upungufu wa nyama ya mwili. Wataalamu huiita sakopenia. Mwaka 2016 ikapewa namba yake katika orodha ya magonjwa inayotumika hospitalini Marekani. Maana yake ni kwamba jambo ambalo sisi tunalimaliza kwa kusema "ni uzee tu", wataalamu wamekubali kuwa ni tatizo linaloweza kupimwa na kushughulikiwa.

Sasa kisukari kinaingiaje? Katika miji ya Pittsburgh na Memphis, Marekani, watafiti walifuatilia wazee 1,840 wenye umri wa miaka 70 hadi 79 kwa muda wa miaka mitatu. Matokeo yalitolewa mwaka 2007. Wote walipungua nguvu za mapaja, lakini wenye kisukari aina ya pili walipoteza nguvu nyingi zaidi, karibu theluthi moja zaidi ya wale wasio na kisukari.

Watafiti hao walikuwa wameona jambo jingine mwaka 2006. Wazee wenye kisukari walikuwa na miili mikubwa zaidi, na hata misuli mingi zaidi kwa kuipima. Lakini nguvu haikulingana na ukubwa huo. Kwa kila kilo ya msuli, nguvu ilikuwa ndogo. Hili ni somo kwetu tunaotembelea wazee majumbani. Tukimwona mama mnene mwenye kisukari tunasema, "Huyu ana afya, hana shida." Unene hauonyeshi nguvu. Mafuta yanaweza kuingia ndani ya msuli kama maji yanavyoingia kwenye mbao: mbao inabaki nene, lakini nguvu imekwisha.

Sababu ni kadhaa, na hufuatana. Insulini husaidia pia kuzuia msuli usibomoke, kwa hiyo inapokosa nguvu, ubomokaji huongezeka. Sukari ikikaa juu miaka mingi huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, mzee akapata ganzi na msuli ukakosa amri ya kufanya kazi. Ganzi humfanya aogope kuanguka. Akiogopa, hukaa. Akikaa, msuli hupungua zaidi. Msuli ukipungua, sukari hupanda. Mwendo huu ni wa mduara, na kwa mama yangu sisi watoto ndio tuliousukuma.

Hapa kwetu tatizo hili linakua. Utafiti uliochapishwa mwaka 1989, uliofanywa katika vijiji 6 vya Tanzania kwa watu zaidi ya 6,000 wa miaka 15 na kuendelea, ulikuta kisukari kwa chini ya asilimia 1. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2012, uliohusu watu wa miaka 25 hadi 64 wa mijini na vijijini, ulikuta asilimia 9.1. Makundi hayo hayalingani kabisa kwa umri wala kwa mahali, kwa hiyo tusiseme kimeongezeka mara tisa. Lakini hakuna mchungaji hapa ambaye hajaona tofauti hiyo kwa macho yake. Na wale waliokuwa na miaka 64 mwaka 2012, leo ni wazee wanaokaa kwenye mabenchi yetu, au walioacha kukaa kwenye mabenchi yetu.

3. Kitanda ni hatari

Naomba wajumbe wa kamati za kutembelea wagonjwa wasikilize kipengele hiki kwa makini. Mwaka 2007 zilichapishwa habari za wazee 12 wenye afya nzuri walioombwa kulala kitandani kwa siku 10, huku wakilishwa vizuri. Kwa siku hizo 10 tu, kila mmoja alipoteza kwa wastani karibu kilo nzima ya nyama ya miguu. Hao walikuwa wazima. Fikirini mzee mwenye kisukari aliyelazwa kwa malaria au nimonia, asiyekula vizuri, ambaye akirudi nyumbani anaambiwa alale wiki tatu nyingine ili "apate nguvu". Nguvu haipatikani kitandani. Mzee aliyeruhusiwa na daktari kuamka, aamshwe, akae, asimame, atembee mpaka mlangoni na kurudi, siku ile ile.

Mzee asiye na nguvu huanguka. Akianguka anaweza kuvunjika nyonga, na akivunjika nyonga hulala, na akilala hupoteza hata kile kidogo kilichobaki. Wengi wetu tumezika wazee waliopita njia hiyo. Tulisema wamekufa kwa kuanguka, ingawa udhaifu ulikuwa umeanza miaka mingi kabla.

4. Kupima bila mashine

Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa Ulaya lilirekebisha mwongozo wake likasema kwamba kipimo cha kwanza kiwe nguvu, kabla ya wingi wa misuli. Hiyo ni habari njema kwetu, kwa sababu wingi wa misuli hupimwa kwa mashine za gharama, lakini nguvu inaweza kupimwa kwa kiti na saa ya mkononi.

Kipimo cha kwanza ni kiti. Chukua kiti imara kisicho na mikono, kiegemee ukutani kisiteleze. Mzee akae, akunje mikono kifuani, ainuke wima na kukaa mara tano bila kutumia mikono. Mwenzake asimame karibu. Akitumia zaidi ya sekunde 15, au akishindwa, hiyo ni dalili kwamba nguvu ya miguu ni ndogo.

Kipimo cha pili ni mwendo. Pima mita 4 uwanjani. Mzee atembee kwa mwendo wake wa kawaida. Akitumia sekunde 5 au zaidi, mwendo wake ni wa kuangaliwa.

Kisha uliza maswali machache. Je, anaweza kubeba dumu la lita 5 lenye maji? Anaweza kupanda ngazi za kanisa bila kushikwa? Anainuka chooni bila kuvuta mlango? Ameanguka mara ngapi tangu Krismasi iliyopita? Amekonda bila kukusudia? Maswali haya yaulizwe kwa faragha na kwa heshima, na ikiwezekana mama aulizwe na mama, baba aulizwe na baba. Ukimwuliza bibi mbele ya wakwe zake kama anainuka chooni, atakuambia hana tatizo lolote.

Msidharau vipimo hivi kwa kuwa ni rahisi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2015, uliohusu karibu watu 140,000 katika nchi 17, Afrika Kusini na Zimbabwe zikiwemo, ulipima nguvu ya kubana mkono peke yake. Kila nguvu ilipopungua kwa kilo 5, uwezekano wa kufa katika miaka ya ufuatiliaji ulikuwa mkubwa zaidi kwa asilimia 16. Hii haina maana kwamba udhaifu wa mkono ndio unaoua. Maana yake ni kwamba nguvu ya msuli hutuonyesha mapema nani anahitaji kuangaliwa.

5. Je, nguvu hurudi?

Hili ndilo swali nililomwuliza mtaalamu wa mazoezi ya viungo aliyemwona mama yangu. Jibu lake lilikuwa fupi: "Hurudi, lakini hazirudi kwa kutazama."

Mwaka 1990 ilichapishwa taarifa kutoka Boston iliyowashangaza wengi. Wazee 10 wa makao ya kutunzia wazee, wenye miaka 86 hadi 96, walifanya mazoezi ya kuinua uzito kwa mapaja, chini ya uangalizi, kwa wiki 8. Mmoja hakumaliza. Kwa wale waliomaliza, nguvu za mapaja ziliongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Kwa lugha nyepesi, mguu uliokuwa unainua kilo 10 ukaweza kuinua zaidi ya kilo 25. Baadhi walipunguza kutegemea fimbo.

Kwa wenye kisukari hasa, mwaka 2002 watafiti wa Boston walitoa matokeo ya watu wazima na wazee 62 wenye asili ya Amerika ya Kilatini. Waliofanya mazoezi ya nguvu mara tatu kwa wiki, kwa wiki 16, walishusha kipimo cha sukari ya miezi mitatu kutoka asilimia 8.7 hadi 7.6. Asilimia 72 yao walipunguziwa dawa na madaktari wao. Wenzao ambao hawakufanya mazoezi hawakupata nafuu hiyo.

Nasisitiza maneno "na madaktari wao". Mtu yeyote asitoke hapa akaenda kumwambia mgonjwa aache dawa.

Wengine mtauliza: wazee wetu wamelima na kutembea milimani maisha yao yote, mazoezi ya nini tena? Ni kweli, shamba ni mazoezi. Lakini wengi huacha shamba siku ile wanapoambiwa wana ugonjwa, au watoto wanapoanza kutuma fedha. Na kutembea, ingawa ni kuzuri kwa moyo na sukari, hakutoshi kujenga nguvu ya paja. Ndiyo maana mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2020 unawataka watu wa miaka 65 na zaidi, kila wanapoweza, wapate angalau dakika 150 za shughuli za wastani kwa wiki, na juu ya hizo wafanye mazoezi ya kuimarisha misuli siku mbili au zaidi, na ya nguvu pamoja na uwiano wa mwili siku tatu au zaidi.

Mazoezi yenyewe hayahitaji ukumbi. Kuinuka na kukaa kwenye kiti, mara 8 hadi 10, pumzika, rudia. Kushika mgongo wa benchi na kuinua visigino. Kusimama hatua moja kutoka ukutani na kuusukuma kwa mikono. Kuinua chupa za maji. Jambo la muhimu ni kuongeza kidogo kidogo. Zoezi likishakuwa jepesi halijengi tena: punguza takia, ongeza maji kwenye chupa, ongeza mara. Na mzee asizuie pumzi, ahesabu kwa sauti.

6. Chakula cha mzee mwenye kisukari

Hapa pia tumekosea. Tumewafundisha wazee orodha ndefu ya vitu wasivyotakiwa kula, mpaka baadhi yao wanaishi kwa uji mwembamba na mboga za majani. Msuli hujengwa kwa protini. Jopo la wataalamu lilipendekeza mwaka 2013 kwamba mzee apate gramu 1.0 hadi 1.2 za protini kwa kila kilo ya uzito wake kwa siku. Kwa mzee wa kilo 60 ni gramu 60 hadi 72. Yai moja lina takribani gramu 6. Glasi ya maziwa ina gramu 8 hivi. Kikombe cha maharage yaliyopikwa kina gramu 15 hivi. Dagaa, kunde, choroko na samaki vyote vinafaa. Ni bora protini igawanywe asubuhi, mchana na jioni kuliko kusubiri nyama ya Jumapili. Mzee mwenye ugonjwa wa figo, ambao huwapata wengi wenye kisukari, aulize kwanza kwa daktari kiasi kinachomfaa.

Lakini chakula peke yake hakitoshi. Watafiti wale wa Boston walirudia kazi yao kwa wazee 100 na matokeo yakatolewa mwaka 1994. Waliofanya mazoezi walipata nguvu. Waliopewa kinywaji cha lishe bila mazoezi hawakupata. Nasema hili kwa sababu sharika zetu ni hodari wa kupeleka vikapu vya chakula. Tukipeleka kikapu na kumwacha mzee amekaa, tumefanya nusu ya kazi.

7. Tahadhari

Kabla ya kuanza, kila mzee mwenye kisukari aonwe kwenye zahanati au kituo cha afya. Mwenye maumivu ya kifua, shinikizo la damu lisilotulia, kidonda mguuni au tatizo la macho lililosababishwa na kisukari asianze mpaka aruhusiwe. Wanaotumia insulini au vidonge kama glibenklamidi wanaweza kushukiwa na sukari, kwa hiyo wasifanye mazoezi na njaa, na pawe na sukari au soda ya kawaida karibu. Kutetemeka, jasho jembamba na kuchanganyikiwa ni dalili za kusimamisha zoezi mara moja. Viatu vivaliwe, na miguu ikaguliwe kabla na baada, maana mwenye ganzi hahisi jeraha.

8. Ninachoomba

Kwa kamati za sharika nina maombi manne. Hayahitaji mradi mpya.

Kwanza, kila mnapomtembelea mzee mwenye kisukari, mfanye kipimo cha kiti na kuandika sekunde kwenye daftari, pembeni ya jina na tarehe. Baada ya miezi mitatu mpime tena. Aliyezidi sekunde 15 apelekwe kituo cha afya na jina lake lifuatiliwe.

Pili, mara mbili kwa wiki wazee wakutane kanisani kwa nusu saa. Mabenchi tunayo, ukuta tunao. Wasioweza kufika wafuatwe nyumbani na vijana wa usharika.

Tatu, fundi wa usharika aweke nguzo ya kushikilia na kiti cha mbao katika vyoo vya wazee wasioweza kuchuchumaa. Ni mbao, misumari na siku moja ya kazi. Inaweza kumrudishia bibi chakula chake cha jioni.

Nne, tubadilishe vikapu. Tupunguze unga na mchele, tuongeze maharage, dagaa na mayai.

Kwa marafiki wafadhili, najua mara nyingi mmetuuliza ni mashine gani tunahitaji. Kwa kazi hii hatuhitaji mashine. Tunahitaji fedha za kuwafundisha watembeleaji wa sharika, nauli ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo kupita kwenye majimbo, na vijiti vya kupimia sukari siku za mazoezi. Ni fedha ndogo, na picha zake hazitapendeza kama picha ya jengo. Hakuna utepe wa kukata wala jiwe la msingi. Mtakachoonyeshwa ni daftari lenye sekunde. Naomba mlikubali daftari hilo kuwa taarifa halali ya mradi.

Na kwa sisi sote tulio na wazazi, naomba tuitazame upya amri ya nne. Tumezoea kwamba kumheshimu mzazi ni kumwondolea kazi zote. Mzazi anayeweza kumenya ndizi, amenye. Anayeweza kwenda kwa kuku wake, aende, hata kama anachukua robo saa. Tusimame karibu naye, tusimnyang'anye. Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 yenyewe ilimtambua mzee kama mtu mwenye mchango katika jamii, na mchango hautoki kwenye kiti cha matakia.

Hitimisho

Nimalizie nilipoanzia. Mama yangu sasa ana miaka 73. Alianza kwa kiti kilichowekwa matakia mawili, kwa sababu kiti cha kawaida kilimshinda. Baada ya wiki kadhaa tuliondoa takia moja, kisha la pili. Kuna siku alikasirika akaniambia, "Mwanangu, unanisumbua kama mtoto wa shule." Kuna wiki aliugua akarudi nyuma. Bado ana ganzi ya nyayo, na bado anatumia dawa zake. Mwezi uliopita nilimpima: mara tano, sekunde 19. Kwa kipimo cha wataalamu bado ni dhaifu, na sitawadanganya kwamba amepona.

Lakini chooni anakwenda na kutoka mwenyewe. Chakula cha jioni anakula. Na Jumapili, Injili inaposomwa, anashika benchi la mbele, anavuta pumzi, anainuka. Huwa ni wa mwisho kusimama katika safu yetu. Mara ya kwanza nilinyoosha mkono nimsaidie. Aliniangalia tu, nami nikaurudisha.